Bakteria "Mla Nyama": Japani Si Shida Yako, Shida ni Saa Unazopoteza Kejani

Kama uko TikTok ama kwa magrupu ya WhatsApp, lazima umepatana na hii stori: kuna bakteria inakula nyama ya binadamu na inaua kwa siku mbili. Video inakuja na picha ya mguu umekuwa mweusi, muziki wa kutisha, na msee anasema "imeanza Japani, sasa inakuja huku." Watu wanaogopa dakika tano, wanaitumia mbogi yote, alafu maisha inaendelea. Baada ya miezi kadhaa stori inarudi tena ikiwa mpya.

Leo hebu tuipekue vizuri, juu kuna mahali inasema ukweli na kuna mahali inakupotosha. Na hapo inapokupotosha ndipo mtu anaweza poteza mguu, ama maisha.

Tuanze na ya ukweli. Mwaka wa 2024 Japani ilishtuka kweli. Kufikia Juni 2, taasisi yao ya kitaifa ya magonjwa ya kuambukiza ilikuwa imehesabu visa 977 vya ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama STSS. Mwaka mzima wa 2023 walikuwa na visa 941, na hiyo 2023 yenyewe ilikuwa rekodi tangu waanze kuhesabu mwaka wa 1999. Ken Kikuchi, profesa wa magonjwa ya kuambukiza Tokyo Women's Medical University, aliambia waandishi wa habari kwamba mgonjwa anaweza kuona uvimbe mguuni asubuhi, kufika saa sita mchana umepanda hadi gotini, na ndani ya saa 48 amekufa. Hiyo si chumvi ya mtandao, ni daktari anaongea.

Sasa mahali stori inaanza kukupotosha: "inakuja huku." Wacha nikuchanue. Iko hapa, na imekuwa hapa kabla wewe uzaliwe. Bakteria yenyewe inaitwa Streptococcus ya kundi A, na ni ile ile inayoleta uchungu wa koo na vidonda vya ngozi kwa watoto. Kuna watu wengi wanatembea nayo kooni ama kwa ngozi bila kuugua chochote. Kule Kilifi, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa hospitalini kuanzia 1998 na wakapata mamia ya visa ambapo bakteria hii ilikuwa imeingia ndani ya mwili, vingi vikiwa vimeshika ngozi na nyama. Kwa hivyo usikae ukingoja ndege kutoka Tokyo.

Pia weka hesabu mahali pake. Japani ina watu zaidi ya milioni 120. Visa 977 kwa umati kama huo inamaanisha ni ugonjwa wa nadra sana. Na hata ukikaa karibu na mgonjwa, si eti utashikwa lazima. Kile kinaenda mbio hapa ni ugonjwa ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kutoka mtu hadi mtu, ni mara chache sana unafika kiwango hicho.

Na hiyo jina ya "mla nyama" pia ina utata. Bakteria haina meno. Ikiingia chini ya ngozi, inatoa sumu na kusambaa kwa ule utando unaofunika misuli. Mishipa midogo ya damu inaziba, nyama inakosa damu, inakufa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini vidonge pekee haviwezi: dawa inasafirishwa na damu, na mahali nyama imekufa damu haifiki. Lazima daktari wa upasuaji afungue na atoe nyama iliyokufa, mara nyingi zaidi ya mara moja, huku mgonjwa akipewa antibiotiki kwa mshipa. Sumu ikisambaa mwilini, presha inaanguka na figo na ini zinaanza kugoma. Hiyo ndiyo STSS, na hizi mbili zinaweza kuja pamoja. Hata na matibabu, kati ya wagonjwa kumi wa STSS karibu watatu hufa.

Kuna bakteria zingine zinafanya kazi hiyo hiyo. Huko Florida, Marekani, wanaonywa kila mara kuhusu Vibrio vulnificus, inayopenda maji ya bahari yenye joto na kuingia kupitia kidonda.

Hii hofu pia si ya jana. Mwaka wa 1994, visa vichache tu vilitokea Gloucestershire, Uingereza, na magazeti ya huko yakawaka na vichwa vya kutisha kuliko hizi video zetu. Mwisho wa mwaka huo huo, mwanasiasa mkubwa wa Quebec, Kanada, anayeitwa Lucien Bouchard, alishikwa na ugonjwa huu. Madaktari walimkata mguu wa kushoto ili wamwokoe. Alipona, na Januari 1996 akaapishwa kuwa waziri mkuu wa Quebec. Hakuwa msee wa kukosa maji safi ama chakula. Ugonjwa ulimpata, lakini alifika kwa kisu cha daktari akiwa bado hai.

Na hapo ndipo kuna rada yenyewe: muda. Picha ya mguu mweusi kwenye video inakufunza kungoja kitu kisicho sawa. Ukiona ngozi imekuwa nyeusi na malengelenge yamejaa, umechelewa. Dalili ya kwanza haipigiki picha, juu ni uchungu.

Uchungu ambao haulingani na kile unaona. Kidonda ni kidogo, ama ni mkwaruzo tu, ama hata hakuna kidonda, uligongwa tu kwa mechi, lakini unahisi kama mfupa unachomwa. Ukiguswa kando ya kidonda, mahali panaonekana pako sawa, unaruka. Ongeza joto mwilini, kutetemeka, kutapika, kizunguzungu, mwili kuchoka kama mtu wa malaria. Alafu uvimbe unasonga, na unasonga kwa saa, si kwa siku. Ukiona baadaye uchungu umeisha ghafla na mahali pamekufa ganzi, usifurahie. Inaweza kuwa neva zimekufa.

Hapa kuna kitu watu wengi hawaambiwi. Maandishi mengi ya ugonjwa huu yanasema angalia wekundu. Wekundu kwa ngozi ya nani? Kwa ngozi yetu nyeusi, unaweza usione wekundu wowote. Angalia ngozi iliyong'aa na kukazana, iliyokuwa ya zambarau, ya kijivu ama nyeusi zaidi kuliko pembeni. Weka nyuma ya mkono usikie kama kuna moto. Chukua biro, chora mstari kuzunguka mahali pamevimba, andika saa kando yake. Madaktari wenyewe hufanya hivyo. Uvimbe ukiruka huo mstari baada ya saa moja au mbili, hiyo si stori ya kungoja kesho. Lakini kama uchungu ni ule mkali na umeanza kuhisi homa, usikae hata kungoja mstari. Toka.

Sasa tujiulize sisi wa mtaa. Ukianguka na nduthi ukachubuka, unafanya nini? Wengi tunaosha na maji kidogo, tunapitia kwa duka la dawa, tunanunua za maumivu na antibiotiki za soo mbili bila kuonwa na mtu, tunarudi kulala. Mara nyingi inaisha tu poa, na ndiyo maana tumezoea. Lakini siku ile moja ambayo si poa, dawa kali ya maumivu inazima ile kengele pekee ulikuwa nayo. Unalala ukidhani umepata nafuu, kumbe ndani kunaungua.

Ugonjwa unaweza kushika mtu yeyote, hata kijana mwenye nguvu. Ila wenye kisukari, ugonjwa wa ini au figo, kinga ya mwili iliyo chini, na wanaokunywa pombe sana wako kwa hatari zaidi. Mlango unaweza kuwa mkato wa jikoni, kuungua, kuumwa na mdudu, tatuu, kutoboa pua, ama kidonda cha upasuaji. Osha kidonda chochote kwa sabuni na maji mengi, kifunike, kiangalie kila siku, na usiingie bahari, mto ama swimming pool kabla kipone.

Na ukifika hospitali, usiseme tu "nina kidonda." Utaketi kwa benchi hadi jioni. Sema hivi: "Uchungu ni mkali kuliko hiki kidonda, uvimbe ulianza saa fulani na umefika hapa, na niko na homa." Onyesha ule mstari wa biro. Uliza waziwazi kama inaweza kuwa ule ugonjwa wa kuoza nyama na kama daktari wa upasuaji anaweza kukuona sasa.

Tunajua kinachofungia wengi nyumbani ni ganji. Basi jua hii pia: Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura. Deposit isikuweke kejani ukihesabu sarafu huku uvimbe unapanda. Fika kwanza, dai uonwe, mambo ya bili yafuate.

So next time hiyo video ikitua kwa grupu yenu, usitume tu emoji ya kushtuka. Waandikie hapo chini: kidonda kidogo, uchungu mkubwa, hospitali leo.