Afishi nzuri imemletea mama hasara

Wiki iliyopita, mama mmoja anayeuza vikwembe kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, alinionyesha telefone yake. Mteja wa Uvira amemrudishia vipande sita. Kwenye picha aliona wax ya kweli. Alipoishika mkononi akakuta kitambaa chepesi, kimechapwa upande mmoja tu. Mama hakuwa amedanganya kwa mdomo. Aliyedanganya ni afishi, na aliyeitengeneza ni kijana wa kartie ambaye hakuulizwa kufanya hivyo.

Mnaojua vikwembe mnaijua ile mistari midogo inayopita ndani ya rangi kama mishipa. Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, hupaka kitambaa utomvu unaofanana na nta, pande zote mbili. Utomvu ukikauka unapasuka, na rangi inapenya kwenye mipasuko. Mipasuko hiyo haijirudii sawasawa. Ndiyo maana mama zetu hugeuza kikwembe kwanza, wanakisugua kwa vidole, kisha ndiyo wanauliza bei.

Leo, kwa programu kama Photoshop, kijana anachukua kwenye intaneti foto ya mipasuko hiyo, anaiweka kama tabaka juu ya picha ya kitambaa kingine, anaondoa palipo peupe na kubakiza vivuli. Jicho likiona vivuli vidogo vya nyuzi, mkono nao unaamini umegusa. Ufundi huo ninaupenda, nisiseme uongo. Kwenye jalada la kitabu au afishi ya tamasha unaipa karatasi uhai, na hakuna anayedhulumiwa. Kwenye nguo inayouzwa ni jambo lingine, kwa sababu pale ule ukwaruzo ndio bei yenyewe.

Wengine wataniambia kila muuzaji hupamba mali yake. Ni kweli, na kupiga kikwembe pasi ni kukipamba. Lakini pasi haikibadilishi kuwa kikwembe kingine.

Kijana angeweza kupata picha yenye nguvu bila kuiba ngozi ya kitambaa cha mtu mwingine. Tandika kikwembe karibu na mlango asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, usiwashe taa ya telefone. Nyuzi zitajitokeza zenyewe. Kunja pembe moja mteja aone nyuma. Halafu WhatsApp: ukituma kama picha ya kawaida, inaibana na zile nyuzi ndogo zinapotea, tuma kama dokima. Inakula mega zaidi, ndiyo, lakini gari la kwenda na kurudi Uvira linakula zaidi ya hapo.

Mama amefuta ile afishi. Kijana anataka alipwe tena ili atengeneze nyingine. Kwa maoni yangu, mama akatae.