Msiwanyamazishe Wazee wa Uchindile

Mmewasikia wanaosema kwamba kumkalisha mzee na kumwuliza habari za ujana wake, kama sehemu ya kumtunza, ni kazi bure. Nimezipima hoja zao moja moja. Nitazieleza hapa kama wanavyozieleza wenyewe, kisha hukumu ni yenu.

Wanaanza na hii: wazee wetu wamesimulia tangu enzi na enzi, kwa hiyo hatuhitaji utaratibu wa wageni. Kusimulia ni kwetu, sibishi. Lakini masimulizi ya jioni yalikuwa kwa faida ya mtoto, na mzee ndiye aliyeyaanzisha. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi tena kuanza mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumwingiza kwenye habari. Na kijana aliyeteremka Mlimba au Ifakara kutafuta maisha hayupo jioni kumsikiliza babu yake. Na hao wageni je? Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee kurudia-rudia maisha yake si dalili ya kuchakaa kwa akili, bali ni kazi anayoifanya ili kuyapima aliyoyaishi. Butler hakutufundisha kusimulia. Aliwaambia madaktari wenzake waache kuiita hali hiyo ugonjwa.

Hoja ya pili: anayoyasema mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hayaaminiki, na kumsikiliza ni kumwendekeza katika kuchanganyikiwa kwake. Hapa lazima twende Uchindile, kijijini kwenyewe. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Uchindile ipo katika kipande hicho. Mwulize mzee aliyefanya kibarua pale leo ni tarehe ngapi, atanyamaza kwa aibu. Mpe karai mkononi, umwulize kokoto zilibebwaje na kambi ya Wachina ilikuwa upande gani. Uso unabadilika, mikono inaanza kuonyesha. Akisema mlima ule ni nyasi tupu, wajukuu hushtuka, kwa sababu wao wanaona misonobari. Lakini misonobari hiyo ilianza kupandwa miaka ya 1990. Mzee anaona sawasawa mlima wa 1973. Alichokosa ni mtu wa kumwunganishia mlima ule na huu, na kazi hiyo haifanywi kwa kumwambia anyamaze.

Tatu, wanasema utafiti umekwisha kuonyesha kwamba mazungumzo haya, kama tiba, hayafai. Tuusome basi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ya mwaka 2018 yalikusanya majaribio 22 ya mazungumzo ya namna hii na kukuta faida ndogo, zinazotofautiana kulingana na mahali na namna mazungumzo yanavyoendeshwa. Ndogo, ndiyo. Jaribio kubwa la Uingereza la 2012, lililowaweka wagonjwa na ndugu wanaowatunza katika kundi moja, halikuonyesha nafuu kwa jumla, na ndugu walizidi kuwa na wasiwasi. Silifichi hilo. Linatuonya tusimbebeshe binti anayemuuguza mama yake mzigo wa pili. Halisemi kwamba mama asiulizwe. Na hapa kwetu, wilayani Hai, vikundi vya kuchangamsha akili, ambavyo habari za utotoni ni sehemu ya vipindi vyake, vilijaribiwa kwa washiriki wachache na vikaleta nafuu. Anayedai uponyaji anadai kitu ambacho hakuna aliyekiahidi.

Halafu wanageuka: kumkumbusha mzee kunamuumiza. Kuna waliohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji, kuna waliozika wenzao waliofia kazi ya reli. Ni kweli, na ndiyo maana mzee ndiye anayechagua mlango wa kuingilia, na akigeuza uso unaacha. Ila tazameni wanachosema. Katika hoja ya tatu mazungumzo haya hayana nguvu yoyote. Katika hii yana nguvu ya kumvunja mtu. Wachague moja.

La mwisho ni muda: mhudumu wa zahanati ana foleni, familia ina shamba la mpunga. Lakini si wao waliosema kusimulia tunako tayari, tangu enzi na enzi? Na muda unaotakiwa tayari upo: anapoogeshwa, anaponyweshwa uji, anapongoja zamu yake kwenye benchi.

Wanaotaka tungoje ushahidi zaidi wapige hesabu. Kijana wa miaka 20 aliyefanya kazi relini mwaka 1973 sasa amevuka 70. Hatangoja.