Anga Nalo Lina Wenyewe

Chombo ambacho miaka si mingi iliyopita kilikuwa siri ya majeshi leo kinauzwa katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, baina ya redio na vipaza sauti, na kijana ajipatiaye riziki kwa kupiga picha za harusi, au mstaafu mwenye shauku tu ya kuitazama ardhi kama mwewe aionavyo, aweza kukinunua asubuhi na kukirusha kabla ya magharibi. Muuzaji humwonyesha jinsi ya kuchaji betri na kupachika mapanga, humwandikia stakabadhi, humuaga kwa heri; lakini wapi sheria inamruhusu kukirusha, na wapi inamkataza, hamwambii, na mara nyingi mwenyewe hajui. Mimi nasema kwamba kosa la kwanza si la mnunuzi. Tumetunga sheria njema ya droni, kisha tukaifungia katika gazeti rasmi la serikali kwa lugha ya Kiingereza, tukamwachia raia aigundue siku atakapokamatwa.

Chimbuko la fitina yote ni dhana mbili zinazopingana: ya kwanza kwamba anga ni la kila mtu, na ya pili kwamba mwenye kiwanja ana milki ya hewa iliyo juu yake hadi mbinguni. Zote mbili zimekwisha kukataliwa. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa ndege duniani, unatamka katika ibara yake ya kwanza kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga la nchi yake, na katika ibara ya nane, jambo la kustaajabisha kwa zama zile, unakataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi mwanachama pasipo idhini maalumu. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua shauri la mfugaji wa kuku wa North Carolina, ambaye ndege za kijeshi zilikuwa zikipita futi 83 tu juu ya boma lake, hata kuku wake wapatao 150 wakafa kwa kujibamiza ukutani kwa hofu. Mahakama ilisema kwamba milki ya ardhi haifiki mbinguni. Walakini ilimpa mfugaji yule haki yake, kwa kuwa hewa iliyo karibu na paa la mtu, kwa kadiri awezavyo kuitumia, ni sehemu ya makazi yake. Naiona hukumu hiyo kuwa ya insafu, na sioni sheria yoyote ya droni iliyo njema ambayo haikusimama juu ya nguzo zile mbili, mamlaka ya dola juu na staha ya nyumba chini.

Kenya haikulifikia jambo hili kwa pumzi moja. Kanuni za kwanza zilitoka 2017, Bunge likazitengua mwaka uliofuata, na zilizopo sasa ni za Machi 2020. Kwa mujibu wake, mwenye droni sharti awe ametimiza miaka 18 na aisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Asiipandishe zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani takriban mita 120. Asiisogeze ndani ya mita 50 za watu, magari na majengo yasiyo chini ya amri yake. Wala asiirushe ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege, au 7 za kiwanja kidogo, bila kibali. Hesabu hizi hazikuokotwa njiani. Ndege yenye rubani, isipokuwa inapotua au kupaa, kwa kawaida hairuhusiwi kushuka chini ya futi 500 hata juu ya nyika tupu, na kwa hiyo futi 100 zimeachwa katikati ziwe salama ya pande zote mbili. Ama ndege inayotua, hiyo hushuka kwa mteremko wa nyuzi kama 3, na ikibakiwa na kilomita 2 kuifikia njia yake huwa kwenye kimo cha mita 120 hivi, kimo kile kile ambacho mwenye droni hudhani ni chake peke yake.

Sasa mtu na atwae ramani ya Mombasa, aweke ncha ya bikari juu ya uwanja wa ndege wa Moi, apige duara la kilomita 10. Makupa imo ndani. Bandari ya Kilindini imo. Pembe za Ndovu, ambazo kila mgeni hutamani kuzipiga picha kwa juu, zimo. Na Ngome ya Yesu iko pale pale ukingoni mwa duara. Akivuka daraja la Nyali akidhani amesalimika, ataikuta bahari iliyo mbele yake ni hifadhi ya taifa, chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, ambako droni hairuki ila kwa ruhusa yao. Nairobi hali ni hiyo hiyo, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Wilson umepakana na mbuga ya taifa upande mmoja, na upande wa pili duara lake linaufunika moyo wa jiji pamoja na bustani ya Uhuru Park.

Lamu ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mlango wa bahari, hivyo mji mkongwe wote umo ndani ya duara, ukitumia kipimo kikubwa au kidogo. Na lau uwanja ule usingalikuwapo, bado vichochoro ni vyembamba na nyumba zimeshikamana kiasi kwamba hapana mahali ndani ya mji pa kusimama mita 50 mbali na ukuta wa mtu. Lakini nyumba zile zenyewe zilikwisha kutunga sheria yake kabla ya Bunge lolote. Mgeni hukomea dakani, penye viti vya mawe. Akikaribishwa ndani, mlango umepindishwa ili jicho lake lisinyooke hadi kiwandani, yaani uani. Na kiwanda kiko wazi kwa mwanga na upepo, kikiwa kimefichwa na kuta ndefu kwa watu wote isipokuwa ndege wa Mungu. Waashi wale walimkinga mwenye nyumba na kila jicho la njiani, wala hawakuwa na sababu ya kumkinga na jicho la juu. Mtalii anayerusha droni yake kutoka pwani ili apate picha ya mapaa huwaingilia wanawake waliolegeza mavazi katika kiwanda chao bila kupiga hodi, na haidhuru nia yake ni safi kiasi gani. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 31, inamhakikishia kila mtu faragha yake na ya nyumba yake, na kanuni za droni zinamtaka mwenye kamera kuiheshimu. Basi hili si suala la adabu peke yake.

Wako wanaojitetea kwamba droni yao ni nyepesi, haifiki gramu 250, na wamesikia kwamba uzito huo umesamehewa. Msamaha huo ni wa Marekani, tena ni wa usajili tu kwa wanaojiburudisha. Hata huko mwepesi na mzito wote hukatazwa kuvamia anga la kiwanja cha ndege. Wako na wanaotegemea ramani iliyo ndani ya simu. Ramani hiyo ameichora mtengenezaji wa droni, si Mamlaka, na kunyamaza kwake si kibali. Hatari ya kupuuza hayo si ndogo: Desemba 2018 taarifa za droni zilizoonekana Gatwick, karibu na London, zilivuruga safari 1,000 hivi na kuwakwamisha abiria wapatao 140,000, wengi wakiwa njiani kwenda kwao kwa Krismasi.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka droni zipigwe marufuku kabisa. Tangu 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walivipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo, wakapata ramani ambazo serikali nyingi tajiri zingezionea fahari. Ujuzi wa namna ile huanzia kwa kijana achezaye uwanjani. Madhali tunamwambia asirushe mjini, wala mbugani, wala ufukweni, ni wajibu wetu kumwonyesha kwa kidole pale anapoweza kurusha.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka mambo matatu yasiyohitaji sheria mpya. Ichapishe kanuni zake kwa Kiswahili chepesi, katika karatasi moja ambayo muuzaji atalazimika kuitia ndani ya kila boksi. Itoe ramani ya kila kaunti, yenye duara za viwanja na mipaka ya hifadhi, ibandikwe katika ofisi za chifu na vituo vya polisi, kwa sababu askari naye hukamata kwa kukisia. Na ikubaliane na kaunti kutenga uwanja mmoja ulio wazi, huko Kinango, Kilifi au popote palipo mbali na ndege na nyumba, ambapo raia aliyesajili droni yake atairusha bila hofu. Mpaka hayo yatimie, ndugu msomaji uliyekwisha kununua, kaisajili, tazama kiwanja cha ndege kilicho karibu nawe, na uombe ruhusa ya jirani kabla hujawasha mapanga.