Bure Si Utumwa

Wikendi moja mwaka jana, nikiwa kwenye SQ yangu hapa Loresho, niliharibu tovuti ya mteja. Kisha nikafanya kile tunachofanya wengi: nikatafuta mtu wa kulaumu.

Mteja mwenyewe ni auntie anayeuza miche ya maua. Uandishi haulipi kodi kila mwezi, kwa hivyo natengenezea watu tovuti pia. Alitaka duka lake la mtandaoni libadilishwe sura, na kazi kama hiyo haifanywi machoni pa wanunuzi. Unatengeneza nakala ya majaribio, pacha wa tovuti, unaivuruga utakavyo, ikikaa sawa ndio unairudisha. Nilitumia plagini ya bure inayofanya kazi ndani ya WordPress. Ijumaa hadi Jumapili nikapanga rangi na picha. Jumapili usiku nikatafuta kitufe cha kurudisha kazi kwenye tovuti halisi. Kumbe kitufe kipo kwenye toleo la kulipia.

Nilicharuka. Nikahamisha kwa mkono: nikachukua hifadhidata ya nakala, nikafuta ile ya dukani, nikaweka yangu. Rangi ziking'aa, nikalala. Asubuhi auntie akapiga simu.

"Mwanangu, oda zangu za wikendi ziko wapi?"

Nakala ilikuwa ya Ijumaa. Nilipokuwa nikicheza na rangi, duka liliendelea kuuza, na kila oda iliyoingia baada ya hapo nikawa nimeifuta mimi mwenyewe. Tulizitafuta moja moja kwenye jumbe zake za M-Pesa, siku nzima, huku nikiwapigia wanunuzi kuomba radhi.

Halafu nikaenda kumpa mtengenezaji wa plagini nyota moja. "Matapeli." Nilikuwa nimemlipa ngapi? Hata ndururu. Na mipaka ya toleo la bure ilikuwa imeandikwa hapo hapo kwenye maelezo. Sikusoma.

Hoja yangu ni hii: programu ya bure ni zawadi yenye mipaka, si mtu uliyemwajiri. WordPress hutolewa kwa leseni ya GPL, na leseni hiyo inasema wazi kwamba programu haina dhamana. Unapewa msimbo, uutumie, uubadilishe, umpe mwingine. Usingizi wa aliyeuandika haumo.

Na lawama zetu zina gharama. Msimamizi wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili, alikuwa akifanya kazi bila malipo. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilimwandama kwamba anachelewa. Akajitetea kuwa hajisikii vizuri na kwamba hii ni kazi ya kujitolea tu. Hatimaye akampa mamlaka msaidizi asiyemjua kwa sura. Machi 2024 ikagunduliwa kwamba msaidizi huyo alikuwa amepenyeza mlango wa siri. Kama mhandisi mmoja asingeshangaa kwa nini kompyuta yake inachelewa nusu sekunde, mlango huo ungeingia kwenye seva chungu nzima duniani.

Najua jibu lenu: hiyo bure ni chambo, wanatunasa ndio tulipe. Wengine ndivyo walivyo, na wakificha mipaka, wasemwe hadharani. Lakini aliyeiandika mipaka yake nawe hukuisoma, amekukosea nini?

Mimi ndiye ningepaswa kulijua hili kabla ya wengine. Tangu niache chuo mwaka wa pili, nimeombwa mara ngapi niandike bure "upate jina"? Na nikiandika bure, mtu anarudi: ongeza maneno mia tatu, badilisha kichwa, mbona umechelewa? Huwa napanda hasira mpaka mikono inatetemeka. Kumbe nami, nikishika kipanya, ni yule yule. Nyani haoni kundule.

Nilifuta ile nyota. Kazi iliyofuata ya auntie, nililipia toleo kamili, lile linalokuruhusu kuchagua kipi kirudi na kipi kibaki, na bei yake nikaiandika kwenye ankara, mstari wake peke yake.

"Na hii ni ya nini?" auntie akauliza.

"Ni ya kitufe, auntie."

Akalipa.