Insha za Watoto Wetu na Ile -ka- ya Kiswahili

Jumamosi tunapokwenda utume vigangoni, vijana wa Kidato cha Kwanza hutuletea daftari zao za Kiingereza. Wengi wamekariri misamiati migumu, kwa kuwa wameambiwa ndiyo inayoleta alama. Sisi tunaona tatizo liko kwingine: sentensi zao hazishikani. Ukurasa mzima ni "and then, and then".

Si uvivu. Tangu darasa la kwanza hadi la saba wamesoma kwa Kiswahili, na Kiswahili huunganisha habari ndani ya kitenzi chenyewe. Tukisema "mvua ikanyesha, mto ukajaa, tukachelewa", ile -ka- imebeba mfuatano na sababu kwa pamoja. Kiingereza hakina kitenzi cha namna hiyo, basi mtoto anaweka "and then" mahali pa kila -ka-, na sababu inapotea. Tena tukisema "kilivunjika", msikilizaji anajua ni kikombe wala si meza. Kwa Kiingereza vyote ni "it". Na mama anayeanza insha akiwa "she", aya ya pili amekuwa "he", maana a- yetu haiulizi jinsia. (Tusiwacheke. Sisi wenyewe kwenye kazi zetu za falsafa tunaandika "therefore" pasipo na sababu yoyote iliyotangulia.)

Binti mmoja alitueleza vizuri sana, kwa Kiswahili, habari za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji: pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi, na kwa nini Tabora ilikua njiani. Tukamwambia aandike kwa Kiingereza. Akatoa mistari minne. Mtihani wa historia ukiwa kwa Kiingereza, utamhesabia hiyo minne tu.

Kwa maoni yetu, orodha za maneno zipunguzwe. Mtoto aandike habari kwanza kwa Kiswahili, kisha aulizwe kila -ka- yake inasema nini: baadaye, kwa hiyo, au kwa sababu? Akishajua alichokusudia, kiunganishi cha Kiingereza si kigumu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, alitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili. Hakuona haja ya kuacha lugha moja ili aishike nyingine.

Jumamosi ijayo tutaanza hivyo. Wazazi, tunaomba watoto waje na daftari za Kiswahili pia.