WATU WA NCHI ZA MBALI: Lamalera, Kijiji Kiishicho kwa Mgawo

Nchi ya Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000, vikubwa na vidogo, navyo vimetawanyika baharini toka upande wa Malaya hata Guinea Mpya. Mashariki ya kisiwa cha Flores, zaidi ya maili 1,000 kutoka Jakarta, mji mkuu wa nchi hiyo, kuna kisiwa kiitwacho Lembata, ambacho katika ramani za zamani kiliandikwa Lomblen. Upande wake wa kusini, chini ya mlima wa moto uitwao Labalekan, ndipo kilipo kijiji cha Lamalera. Msafiri ashukaye katika bandari ya Lewoleba, upande wa kaskazini, hana budi kupanda lori na kusafiri saa nyingi katika njia mbovu ya milimani kabla ya kuiona bahari ya kusini tena.

Mkulima atokaye nchi ya rutuba akitazama ardhi ya Lamalera, atajiuliza watu hawa wanakula nini. Mtelemko ni mkali, mawe ni mengi, udongo ni haba. Nyumba zimepangwa ngazi kwa ngazi juu ya ufuko mdogo wa mchanga, na hapo chini yamejengwa mabanda ya makuti, bega kwa bega, kila banda na mashua yake. Shamba la watu hawa ni bahari, na mavuno yao makubwa ni nyangumi.

Wazee wa Lamalera husimulia kwamba baba zao hawakuzaliwa hapo. Walitoka upande wa Sulawesi, wakahama kisiwa hata kisiwa, wakakaa Lepan Batan karibu na Lembata, mpaka bahari ilipokigharikisha kisiwa hicho. Walipofika Lamalera walikuta wenyeji, wakaomba mahali pa kukaa, nao wakapewa ufuko. Habari hiyo si hadithi ya kuwapumbaza watoto tu, maana hata leo wazao wa wale wenye nchi wana fungu lao katika kila nyangumi anayevutwa pwani. Deni la shukrani halikufutwa kwa kupita kwa vizazi.

Mashua yao, iitwayo peledang kwa Kiindonesia, ni kazi ya kustaajabisha. Urefu wake ni futi 30 na zaidi, nayo huundwa bila msumari hata mmoja. Mbao hushikamanishwa kwa vijiti vya mti na kamba, kisha nyufa hutiwa kalafati. Pande zote mbili ina matengo ya mianzi kama ngalawa, na tanga lake ni la majani yaliyosukwa, mraba kama jamvi. Watu wa Lamu, ambao babu zao walisafiri kwa mtepe ulioshonwa kwa kamba na wenye tanga la mkeka, wangeitambua mashua hiyo kuwa ni ndugu wa mbali. Kila mashua ina jina, na seremala haruhusiwi kubadili mpango wa mbao alioupokea kwa wazee. Mashua ni mali ya ukoo. Hapana mtu mmoja awezaye kusema, Hii ni yangu.

Nyangumi wanayemwinda hasa ni yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba na meno katika taya la chini, ndiye yule atoaye ambari, ambayo wafanya biashara wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliiuza kwa thamani kubwa tangu zamani. Dume la aina hiyo huweza kupita futi 50 na kuwa na uzito wa tani 40. Nyangumi wasio na meno, hata yule mkubwa kuliko wanyama wote, hawawagusi, maana katika masimulizi yao nyangumi wa namna hiyo aliwasaidia wazee wao baharini. Watu hao wenye njaa mara kwa mara huona chakula cha mwezi mzima kikipita mbele ya macho yao, wakakiacha kiende zake.

Katika majira ya uwindaji, yanayoanza mwezi wa Mei, mashua hutoka alfajiri. Lakini hata nje ya majira hayo, mtu akiona moshi wa maji ukiruka mbali baharini, hupiga ukelele, "Baleo!" na sauti hiyo hupokewa nyumba hata nyumba mpaka kijiji kizima kimesikia. Wanaume huacha kila kazi, wakashuka mbio ufukoni na kuzisukuma mashua majini. Zaidi ya watu kumi huingia katika kila moja. Wakimkaribia nyangumi hutelemsha tanga na kushika makasia, na mpiga chusa, aitwaye lamafa, husimama juu ya jukwaa la mianzi lililotokeza mbele ya omo. Mkononi ana mwanzi mrefu wenye chusa cha chuma. Harushi kama mtu arushavyo mkuki. Huruka na chusa chake, akakikandamiza mgongoni mwa nyangumi kwa uzito wa mwili wake wote, kisha huanguka majini na kuogelea kuirudia mashua.

Hapo ndipo hatari huanza. Kamba hukimbia kwa nguvu kiasi cha kukata mkono au mguu wa mtu asiyeangalia. Nyangumi huweza kuipiga mashua kwa mkia na kuipasua, au kuiburuta mpaka nchi kavu isionekane. Mwezi wa Machi mwaka 1994 mashua kadhaa za kijiji hicho ziliburutwa mbali sana. Mbili zikapotea, na mabaharia wake wakajazana katika mashua nyingine, wakaelea siku kadhaa wenye kiu na njaa, hata walipookolewa na meli ya watalii. Kila mwaka, kabla ya kufungua majira ya bahari, watu hukusanyika ufukoni jioni kwa Misa ya kuwaombea waliokufa majini ambao makaburi yao hayajulikani. Kisha siku ya kwanza ya Mei padre huzibariki mashua. Wamisionari Wakatoliki walianza kubatiza huko mwaka 1886, na dini hiyo imekaa pamoja na desturi za wazee; wenye nchi nao hupanda mlimani kufanya ibada yao ya kuwaita nyangumi.

Watu hao huamini kwamba ugomvi nyumbani huenda na mwanamume mpaka baharini. Chusa kikikosa, au kamba ikikatika bila sababu, mabaharia huulizana: Nani ana neno na mkewe? Nani amemnyima ndugu yake haki? Aliye na kosa hutakiwa alitengeneze kabla mashua haijatoka tena. Mtu wa elimu anaweza kutabasamu kwa kusikia hayo. Lakini watu kumi wanaokwenda kupambana na mnyama wa tani 40 katika chombo cha mbao wana sababu njema ya kutaka kila mmoja wao awe na amani na wenzake.

Hata hivyo uhodari wa baharini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, nayo ndiyo kubwa, huonekana nyangumi akiisha kuvutwa pwani. Mgeni angedhani ya kwamba mpiga chusa atachukua sehemu kubwa, na wengine watang'ang'ania masalio. Sivyo. Mwili wote wa nyangumi umegawanywa katika akili za watu kabla kisu hakijaugusa, kama shamba lililopimwa na kuwekewa mipaka. Fungu hili ni la mabaharia, hili la nyumba zenye haki katika mashua, hili la seremala aliyeiunda, hili la mhunzi aliyefua chusa, hili la msuka tanga, na katika kichwa mna fungu la wenye nchi. Kila mwenye fungu hurudi nyumbani, na hapo huanza mgawo wa pili: kwa wakwe, kwa majirani, kwa wazee wasioweza tena kupiga kasia, kwa wajane na yatima. Kufika jioni karibu kila paa huwa na nyama ya kuanika. Mwenye kula leo peke yake atalala njaa siku ambayo mashua yake itarudi tupu, nazo siku za namna hiyo ni nyingi. Iko miaka ambayo hupatikana makumi ya nyangumi, na iko miaka ambayo hupatikana wachache mno.

Lakini mtu haishi kwa nyama tu. Hapo kazi hupokewa na wanawake. Hujitwika nyama iliyokauka, chumvi waliyoipika wenyewe, na chokaa ya kutafunia tambuu, wakapanda njia za mlimani kwa miguu kwenda vijiji vya wakulima. Kila Jumamosi pia huwa na soko katika kijiji cha Wulandoni, ambako watu wa pwani na watu wa mlimani hubadilishana mali kwa mali, pasipo fedha. Hesabu yao huenda kwa sita sita. Kipande cha nyama kwa desturi hupata mahindi 12, au ndizi 12. Kwa hiyo chakula cha kila siku cha wawindaji hao ni mahindi yaliyolimwa na watu ambao hawajapata kushika kasia, na wakulima hao nao hula nyama ya bahari. Mtu wa mlimani na mtu wa pwani huitana kwa majina, na mama humrithisha binti yake wateja wake kama baba amrithishavyo mwanawe chusa.

Mwaka 1973 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliona vema kuwasaidia watu hao. Likapeleka chombo cha injini na Mnorwe, fundi wa kuwinda nyangumi kwa mzinga. Kazi hiyo ilidumu miaka mitatu, kisha ikaachwa. Taarifa ya shirika lenyewe ilikiri kwamba watu wa Lamalera walikuwa wamekwisha kujifanyia njia ya uwindaji inayoafikiana na mali waliyo nayo na desturi zao. Shirika lilileta chombo cha kuua nyangumi wengi, na kijiji kilikuwa na mpango wa kuwagawa walio wachache.

Wala isidhaniwe kwamba watu hao ni wajinga waliosahauliwa na dunia. Shule za misheni ziliingia mapema, na kijiji hicho kimetoa mapadre, walimu na wakubwa wa serikali. Gorys Keraf, aliyezaliwa huko mwaka 1936 na kufa mwaka 1997, alikuwa mtaalamu mashuhuri ambaye vitabu vyake vya sarufi ya Kiindonesia vilisomwa katika shule za nchi nzima. Sonny Keraf, mwenyeji wa huko pia, alikuwa waziri wa mazingira wa Indonesia toka mwaka 1999 hata 2001.

Siku hizi mabishano juu ya Lamalera ni mengi. Mataifa mengi yalikubaliana kuacha kuwinda nyangumi kwa biashara toka mwaka 1986, ingawa Indonesia haimo katika chama chao, na uwindaji wa kujilisha huhesabiwa mbali. Serikali ilipotangaza hifadhi katika Bahari ya Savu mwaka 2009, watu wa Lamalera waliteta, na maji yao ya uwindaji yakaachwa nje ya mipaka. Mwaka 2014 sheria ilikataza kuvua taa wakubwa wa baharini katika Indonesia yote, na katazo hilo limewagusa kwelikweli, maana samaki hao walikuwa akiba yao wakati nyangumi hawaonekani.

Lakini wazee wengine husema kwamba hatari kubwa zaidi imeingia kimya kimya, nayo ni injini. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 mashua ndogo za injini zimekuwa nyingi. Huzivuta zile peledang mpaka karibu na nyangumi, na siku nyingine huenda zenyewe kuvua kwa nyavu. Zinaokoa nguvu na maisha ya watu, na kijana hawezi kulaumiwa kwa kuzipenda. Ila injini hunywa petroli, na petroli hainunuliwi kwa nyama ya mgawo, wala kwa mahindi 12. Yahitaji fedha, na mwenye kuhitaji fedha lazima auze. Samaki wa wavuni ni wa mwenye wavu, hawana mipaka iliyowekwa na wazee, wala fungu la mhunzi, wala fungu la mjane.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kwa vizazi vingi moto wa Lamalera umewashwa kwa kinga za seremala, mhunzi, baharia, mama mchukuzi wa nyama na mkulima wa mlimani. Wazee hawaombi injini zirudishwe dukani. Jambo wanalouliza jioni, wakikaa mbele ya mabanda ya mashua, ni dogo, na mtu yeyote mwenye shamba au mshahara aweza kujiuliza vilevile: Chombo kipya kikileta samaki, ni nani atakayepeleka fungu katika nyumba ya yule asiye na mtu baharini?