Mu Phoenix, baridi ya nyumba iko bei nguvu

Wale wa Fungurume wanalijua jina la Phoenix. Ni muji wa Arizona, Marekani, kwenye iko ofisi kubwa ya Freeport-McMoRan, sosiete iliyoendesha Tenke-Fungurume mpaka 2016, wakati iliuza sehemu yake kwa China Molybdenum. Leo tunarudi mu huo muji kwa sababu ingine. Familia mingi za Congo, hasa zile zilizopita mu kambi za wakimbizi, zilipelekwa kuishi kule, na kuanzia mwezi wa sita maneno yao ku telefone inakuwa ile ile: "Papa, mwezi hii siko na makuta ya kutuma, fakture ya kuran imenimaliza." Huku nyumbani watu wanafikiri ni kisingizio. Mutu anakosaje makuta juu ya mashini ya baridi? Tufanye hesabu.

Phoenix imejengwa mu jangwa. Mu 2023, kuanzia siku ya mwisho ya mwezi wa sita, joto lilifika digri 43 ao kupita, siku 31 zikifuatana bila kuruka hata moja. Kwetu Kolwezi tunalia mu mwezi wa kumi, lakini jua likizama hewa inarudi. Kule haikurudi: usiku 16 mufululizo joto halikushuka chini ya digri 32, juu simiti na goudro za muji zinalishika joto la mchana na kulitoa usiku. Mwaka huo watu 645 walikufa juu ya joto mu wilaya ya Maricopa, yenye Phoenix iko ndani. Karibu nusu walikuwa watu wa kulala inje. Lakini kati ya wale waliokufa ndani ya nyumba, sehemu kubwa walikuwa na klimatizeri. Ilikuwa imekufa, ao imezimwa.

Wale wanaoshuka chini, Kamoto ao Kipushi, hawana lazima ya kuelezwa zaidi. Wanajua kama hewa ya shimo haiji yenyewe: kuna mashini inaisukuma, na mashini ikisimama, watu wanapanda. Nyumba ya Phoenix mu mwezi wa saba ni kama shimo, isipokuwa hakuna pa kupanda.

Sasa bei ya kuifunga. Nyumba nyingi za kule hazitumii kile kisanduku cha ukutani tunachokiona mu mabiro ya Lubumbashi. Ni mashini moja kubwa kwa nyumba yote, mara mingi iko juu ya paa, na inasukuma baridi mu mabomba mapana yanayopita juu ya plafo mpaka ku kila chumba. Kutoa ya zamani na kuweka mupya, kwa nyumba ya kawaida ya familia, inafika mara mingi kati ya dola 8.000 na 15.000. Na mu joto ile haikai sana: miaka 10 mpaka 15, unaanza tena.

Watu wa shaba watauliza: je, ni shaba yetu njo iko bei hivyo? Hapana. Mashini kama hiyo inabeba kilo 20 na kitu za shaba, mu tiyo na mu waya za motere. Tukihesabu tani moja kwa dola 10.000, hiyo shaba yote haipiti sana dola 200. Dola 200 mu mashini ya 12.000! Congo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mu 2024, sehemu kubwa inaenda China, na China njo inatengeneza klimatizeri mingi kupita inchi zote. Sisi tunauza kwa bei ya tani, wao wanauza kwa bei ya kipande. Tusifikiri lakini kama kuwa na shaba na kiwanda pamoja kunapunguza bei kwa mufanyakazi. Arizona yenyewe inatoa zaidi ya nusu ya shaba ya Marekani, na muchimbaji wa Morenci analipa mashini yake sawa na mwalimu ao mushoferi. (Na wezi wa shaba hawako paka kwetu: mu Phoenix watu wanafungia klimatizeri mu kizimba cha chuma, juu usiku zinakatwa tiyo.)

Ile ingine yote inaenda wapi? Kiwanda na mwenye kuuza wanachukua yao. Mufundi lazima awe na karatasi ya kazi, anaanza alfajiri kwa sababu saa sita paa inachoma viatu, na anakodi mashini ya kunyanyua ile muzigo. Mabomba ya zamani yakiwa yametoboka yanabadilishwa, la sivyo baridi inapotea mu plafo. Zaidi ya hiyo, tangu mwanzo wa 2025 sheria ya Marekani imekataza viwanda kutengeneza mashini mupya za nyumba zenye gazi ya R-410A, ile iliyozoelewa na mafundi. Gazi mupya, vipande vipya, bei mupya.

Nani iko na dola 12.000 mu mufuko? Watu wanakopa. Mukopo wa 10% kwa mwaka, mu miaka 10, unageuza hizo 12.000 kuwa karibu 19.000. Hapa njo tunaona hatari kuliko mu bei yenyewe: mashini inakufa wakati deni linaisha.

Kuna njia ya bei ndogo, ile mashini ya maji. Inapitisha hewa kavu mu majani ao karatasi yenye kulowana, na hewa inatoka na ubaridi. Inakula umeme kidogo sana. Lakini kuanzia mwezi wa saba mvua za jangwa zikikaribia, hewa inajaa unyevu, na ile mashini inabaki kupuliza paka mvuke.

Bandugu zetu wengi kule ni wapangaji, hawanunui klimatizeri. Sheria ya muji iko upande wao: mwenye nyumba aliyeweka klimatizeri lazima ifikishe chumba digri 28 ao chini. Lakini fakture ni ya mupangaji. Tuchukue mashini ya kilowati 4 inayozunguka saa 12 kwa siku. Ni kilowati-saa 48. Mu siku 30 ni 1.440. Kwa senti 15 kila moja, ni dola 216 kwa baridi peke yake, mbele ya frigo, taa na maji ya moto. Nyumba iliyojengwa vibaya, yenye madirisha ya zamani, inapita hapo kirahisi. Halafu kuna mupango wa saa: kwa wateja wengi wa sosiete ya umeme APS, umeme unapanda bei kuanzia saa kumi za mangaribi mpaka saa moja ya usiku, siku za kazi. Watu wanapoza nyumba sana mbele ya saa kumi, wanafunga madirisha na rido, wanavumilia mpaka saa moja. Mwenye kutoka kazi saa kumi na moja, na watoto walibaki peke yao nyumbani, hiyo hesabu haimusaidii.

Mu mwezi wa tisa 2018, mama mumoja wa miaka 72, mu muji mudogo karibu na Phoenix, alikatiwa umeme na APS. Alikuwa amelipa dola 125 ya fakture yake. Ilibaki dola 51. Siku ile joto lilipita digri 41. Walimukuta amekufa mu nyumba yake. Habari ilipotoka, watu walikasirika, na komisyo yenye inasimamia sosiete za umeme za Arizona ikakataza kukata umeme wa nyumba juu ya deni wakati wa joto. Kwa APS ni kuanzia tarehe 1 mwezi wa sita mpaka tarehe 15 mwezi wa kumi.

Lakini kukatazwa kukata hakufuti deni. Mutu anaweza kupita miezi ine analipa nusu, na umeme uko. Tarehe 16 mwezi wa kumi, deni liko linamungoja. Kule joto limeisha, huku watoto wako masomoni tangu mwezi wa tisa na minerval haijatimia. Familia yenye kungojea makuta ya Phoenix ifanye hesabu yake mu mwezi wa tano, mbele ya mashini kuwashwa, na imuulize ndugu: "Mwaka jana ulibaki na deni ngapi?"